Kuishi na kufanya kazi York: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mtu wa Unguja. Nilikuja York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2017 nikimfuata mume wangu aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Nikaanza kwa kutandika vitanda hotelini. Sasa niko hospitali, nahudumia wagonjwa wodini. Kila mwezi hunipigia mtu aliyepewa namba yangu na mtu, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa ili simu zipungue, ingawa najua hazitapungua.

York ni karibu na London?

Si karibu. Iko kwenye reli ya kutoka London kwenda Edinburgh, nusu ya njia hivi, na treni ya haraka kutoka London huchukua kama saa mbili. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 202,800, na hao ni pamoja na wa vijiji vya pembeni. Mtu wa Dar atauita mtaa. Ukishuka stesheni, kwa miguu yako mwenyewe, robo saa tu umesimama chini ya minara ya kanisa kuu.

Mbona kanisa lenyewe linaitwa Minster? Na kuingia ni kwa kiingilio?

Minster ni jina la kale walilolipa kanisa kubwa kabla hata watekaji Wanormani kutoka Ufaransa hawajafika. Ndilo kanisa kuu la Askofu Mkuu wa York, ambaye katika Kanisa la Uingereza yuko chini ya yule wa Canterbury peke yake. Hili lililosimama leo walianza kulijenga karibu mwaka 1220 wakalimaliza 1472. Mimi nimekulia karibu na Mkunazini, kanisa kuu nimeliona tangu utotoni, nikadhani nitaliangalia hili na kupita. Nilisimama mlangoni nikiwa na mifuko ya sokoni mikononi mpaka vidole vikafa ganzi.

Mtalii hulipa. Anayekwenda kusali halipi, na mkazi wa York akionyesha karatasi yenye anwani yake huingia bure. Ukifika, nenda moja kwa moja mpaka mwisho wa upande wa mashariki ukalione dirisha kubwa la vioo vya rangi, alilolitengeneza fundi John Thornton kati ya 1405 na 1408. Ukubwa wake ni kama uwanja wa tenisi. Halafu geukia upande wa kusini, uangalie juu. Paa la pale liliungua usiku wa tarehe 9 Julai 1984, na wanaamini ni radi. Walipolijenga upya, baadhi ya mapambo ya dari yalichorwa na watoto walioshinda mashindano ya televisheni, ndiyo maana katikati ya dari linaloonekana la karne nyingi utamkuta mwanaanga ametua mwezini.

Mimi ni Muislamu. Naweza kupata kazi kanisani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kama vile tunapanga kuiba. Za kuongoza ibada ni za Wakristo, hilo halina mjadala. Lakini kanisa kama hili ni kijiji: kuna duka, jiko, wafagiaji, wakata tiketi, wahasibu, hata askari wake wenyewe. Na kuna waashi. Jiwe la Minster ni la chokaa, rangi yake kama samli, na mvua hulila polepole. Ndiyo maana karakana ya mawe haifungwi, na huchukua vijana wa kujifunza ufundi. Ukipita nyuma ya kanisa asubuhi utasikia patasi. Jiwe moja la pambo linaweza kumchukua fundi wiki na wiki, kisha linapandishwa juu ambako hakuna macho yatakayoliona ila ya njiwa. Mwanangu wa pili anasema hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Tutaona, mwaka jana alitaka kuwa kipa.

Kazi gani hasa ziko York?

Zipo, ila uzijue zilivyo. Huu ulikuwa mji wa reli na chokoleti. Karakana ya mabehewa ilifungwa 1996. Kiwanda cha Terry's, wenye lile chungwa la chokoleti, kilifungwa 2005. Rowntree's, waliotoa KitKat mwaka 1935, walinunuliwa na Nestlé mwaka 1988, na kiwanda hicho bado kinazalisha. Wenye elimu na karatasi zao hupata kazi vyuo vikuu viwili vilivyopo, hospitali, ofisi za reli na za bima. Wengine sote tunaanza kwa wageni: hoteli, mikahawa, usafi, jikoni.

Kazi ya hoteli niielezee, maana ndiyo watu wanayoiona nyepesi. Pahala nilipoanza tulipewa karatasi ya vyumba 15, na malipo yakahesabiwa kwa chumba. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya. Wasichana waliokuja kumuaga bibi harusi mtarajiwa wameondoka, vimetameta vimezama kwenye zulia, mito ina rangi za midomo, na kuna puto limenasa kwenye feni ya bafuni. Chumba kile hakiishi kwa dakika 20 hata uwe na mikono minne. Saa zikawa zinapita bila malipo, na mimi nikadhani ndiyo sheria ya Ulaya. Sivyo. Hata ukilipwa kwa chumba, fedha ukizigawa kwa saa ulizofanya kazi hazitakiwi kushuka chini ya kima cha chini cha mshahara. Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, nacho hurekebishwa kila Aprili. Weka daftari. Andika saa uliyoingia na uliyotoka, kwa mkono wako. Daftari langu la shilingi mia tano la Darajani ndilo lililonirudishia mishahara yangu.

Wakala amesema atanitafutia kazi ya kulea wazee York, nimpe pauni elfu kadhaa. Nimpe?

Usimpe hata senti. Kwanza, sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Pili, tangu tarehe 22 Julai 2025 nyumba za wazee haziwezi tena kuwaleta walezi wapya kutoka nje kwa viza ya kazi ya ulezi. Anayekuuzia nafasi leo anakuuzia hewa. Manesi ni habari nyingine. Hao njia yao bado ipo, na Kenya iliwekeana mkataba na Uingereza juu ya wahudumu wa afya mwaka 2021. Hata hivyo mwajiri wa kweli hujulikana: jina lake limo kwenye orodha ya serikali ya waajiri wenye kibali cha kudhamini, atakuhoji mwenyewe, na barua pepe yake haitoki kwenye anwani ya bure.

Nimewahi kumpokea stesheni dada mmoja aliyeuza kiwanja cha mama yake kwa ajili ya barua ya udhamini. Barua ilikuwa ya kweli, kazi haikuwepo. Alikaa kwetu miezi minne. Kwa hiyo nikiwa mkali kwenye simu ukilitaja neno wakala, univumilie.

Mwanafunzi je?

Wa chuo kikuu kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, si zaidi, na wanazihesabu. Tangu Januari 2024 anayesoma shahada ya uzamili ya kawaida haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Wa utafiti bado anaruhusiwa.

Nipange nyumba wapi, ndani ya kuta au nje?

Nje. Nakujibu haraka kwa sababu mimi nilipanga ndani.

Mji wa kale umezungushiwa ukuta wa mawe wa zaidi ya kilomita tatu, na juu yake watu hutembea. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa Goodramgate, juu ya duka, boriti nyeusi darini, dirisha linaloutazama mnara wa Minster. Nilipiga picha nikatuma nyumbani, mama akawaonyesha majirani wote. Ilipofika Novemba ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kutoa jasho. Desemba ikaja kuvu, kwanza vidoa kama pilipili manga, halafu ramani nzima nyuma ya kabati. Vioo vya dirisha vilikuwa vya tabaka moja, upepo unapita pembeni mpaka pazia linapumua. Mwenye nyumba akasema hawezi kubadilisha madirisha, jengo limo kwenye orodha ya urithi, lazima apate kibali. Hapo alisema kweli. Alichoacha kusema ni kwamba kutibu unyevu ni wajibu wake, orodha au hakuna orodha.

Tukahamia Tang Hall, nyumba za halmashauri za miaka ya 1920, dakika ishirini na tano kwa miguu. Hazina boriti, hazipigwi picha na mtu. Zina joto. Acomb, Clifton na Huntington nazo zina watu wa kipato chetu, ingawa kodi ya York ni kubwa kuliko unavyotegemea mji wa kaskazini, maana nyumba nyingi za katikati zimegeuzwa za kulaza watalii.

Mambo matatu ya kushika. Amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na mwenye nyumba ana siku 30 kuiweka kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa. Sisi tulidaiwa kodi ya miezi sita mbele kwa kukosa mdhamini Muingereza. Mtindo huo umebanwa na sheria ya wapangaji iliyopitishwa 2025. Na kuna kodi ya halmashauri, ambayo haimo ndani ya kodi ya nyumba na ndiyo inayowashtua wengi. Wanafunzi wa muda wote wamesamehewa. Anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Ukiwa na shida nayo utakwenda ofisi za halmashauri, zilizomo kwenye stesheni ya treni ya mwaka 1841. Jengo zuri sana la kudaiwa ndani yake.

Ni kweli mji unafurika maji?

Kweli. Mito miwili, Ouse na Foss, inakutana katikati ya mji, na mvua ya milimani hushuka kwa Ouse. Mwaka 2000 maji yalipanda mita 5.4 juu ya kawaida. Siku moja baada ya Krismasi 2015 ilibidi lango la kuzuia maji la Foss liinuliwe kwa sababu maji yaliiingilia mitambo yake, na mamia ya nyumba yakaingiwa. Februari 2020 nilikwenda kuangalia mwenyewe pale King's Staith: baa ya kando ya mto imezama mpaka madirishani, mabenchi yake hayaonekani, na bata wanaogelea pale watu wanapokaa kunywa. Wenyewe hawakuwa na habari. Wana ukuta wameandika alama za kila mafuriko, wanasubiri yapungue, wanafagia, wanafungua. Wewe kabla ya kusaini mkataba andika namba ya posta ya nyumba kwenye ramani ya mafuriko ya serikali. Ni bure.

Baridi yake ikoje?

Baridi utainunulia koti. Giza ndilo tatizo. Katikati ya Desemba jua linatoka saa mbili na ushei asubuhi na linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mwenye zamu ndefu haoni mchana kabisa. Juni ni kinyume chake. Mwaka nilipofika, Ramadhani iliangukia mwisho wa Mei mpaka Juni: tunafuturu saa tatu na nusu usiku na zaidi, unaosha vyombo, unasali, daku imefika. Siku hizi imeingia kwenye miezi mifupi, alhamdulillahi.

Majina ya mitaa yananichanganya. "Gate" si lango?

York, gate ni mtaa. Ni neno la Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliouteka mji huu mwaka 866 na kuuita Jorvik. Stonegate, Micklegate, Coppergate, yote ni mitaa. Lango la ukuta wanaliita bar: Bootham Bar, Monk Bar. Na ukiambiwa tukutane "Monk Bar", usitafute pombe. Wiki yangu ya kwanza nilielekezwa hivyo kwenye usaili, nikakataa kwenda nikisema mimi siingii baa.

Kuna pia vichochoro vinavyokatiza kati ya nyumba, vingine mabega yanagusa pande zote mbili. Hivyo havikunisumbua. Aliyekulia Mji Mkongwe hapotei York.

Kiingereza changu ni kizuri. Nitawaelewa?

Wiki mbili za kwanza, hapana. Watakuita "love", dereva wa basi, muuza samaki, mzee wa miaka tisini. Hawakutongozi, ni kama sisi kusema "mpenzi" au "mwaya". "Nowt" ni hakuna kitu. "While" kwa wazee wa hapa ni mpaka, hivyo zamu ya "nine while five" ni saa tatu mpaka saa kumi na moja.

Lakini neno lililoniaibisha ni "tea". Mwenzangu wa kazi alinialika kwake kwa chai. Nikala chakula cha mchana nikashiba, nikakaanga mandazi, saa kumi kamili nikabisha hodi. Mumewe akafungua akiwa na ovaroli la kazini, mwenyewe bado hajarudi. Kumbe kwao chai ni chakula cha usiku. Nikakaa sebuleni na yule baba saa moja na nusu, hatuna la kuzungumza ila farasi wa mashindano, halafu nikaletewa sahani ya nyama, viazi na mchuzi inayomtosha mbeba mizigo wa bandarini. Nikaila yote. Mandazi walikula kesho yake na siagi, wakaniomba namna ya kupika.

Kuna Waafrika? Tutabaguliwa?

Ni mji wa weupe, tusifichane. Kuna siku utakuwa mweusi peke yako kwenye basi zima. Nimeambiwa maneno mara mbili mtaani, mara moja na mgonjwa. Huyo msimamizi wangu alimshughulikia mbele yangu.

Ila anayedhani Mwafrika York ni kitu cha juzi hajaingia makumbusho yao. Kaizari wa Roma, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia hapa mwaka 211. Na mwaka 1901 lilichimbuliwa kaburi la mwanamke wa karne ya nne, tajiri, amezikwa na bangili za pembe za ndovu. Wataalamu waliopima fuvu lake wanasema inaelekea alikuwa na asili ya Afrika Kaskazini. Hukaa Yorkshire Museum. Siku za unyonge mwanzoni nilikuwa nakwenda kumwamkia.

Kisha kuna John Sentamu, Mganda aliyekuwa hakimu akaikimbia serikali ya Idi Amin mwaka 1974. Mwaka 2005 akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa York, wa 97, kwa ngoma za Kiafrika ndani ya Minster, akakaa mpaka 2020. Majira ya joto ya 2006 alipiga hema ndani ya kanisa akafunga na kuombea amani Mashariki ya Kati. Wazee wa hapa bado wanakuuliza kama unamfahamu, kana kwamba Uganda na Unguja ni nyumba moja. Mimi husema ni jirani.

Msikiti upo, Bull Lane. Mei 2013, watu wa kundi linalowachukia Waislamu walipotangaza watakuja kuandamana, waumini walitoka nje na chai na biskuti. Waliokuja walikuwa wachache, wakakaribishwa, wakanywa, na ikaishia kwa kucheza mpira.

Hospitali, skuli, leseni?

Daktari wa mtaa: jiandikishe wiki ya kwanza, hawana haki ya kukukatalia kwa sababu huna karatasi ya anwani. Skuli za serikali ni bure. Maombi ya msingi mwisho tarehe 15 Januari, ya sekondari 31 Oktoba. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda utaendeshea miezi 12, baada ya hapo ufanye mtihani wao. Mimi sijaufanya. Mji ni tambarare, nina baiskeli.

Watalii hawachoshi?

Wanachosha. Jumamosi za Desemba na siku za mbio za farasi mimi sikanyagi katikati. Mtaa wa Shambles, uliokuwa wa mabucha, haupitiki. Jioni kuna makundi yanalipa kutembezwa na kusimuliwa mizimu. Sisi tulitishwa popobawa bure.

Lakini wana faida moja isiyosemwa. Katika mji huu mgeni ni mwenye kamera. Sikuwa nimemaliza mwezi, nimevaa sare ya hoteli, mzee mmoja wa Kiingereza akanisimamisha na kuniuliza njia ya kwenda Shambles. Nikamwelekeza kimakosa, kwa kujiamini kabisa.

Chakula chetu kinapatikana?

Mchele wa basmati, dengu, tui la kopo, vyote madukani. Unga wa sembe, ndizi mbichi na mihogo mimi hufuata Leeds, chini ya nusu saa kwa treni, mara moja kwa mwezi na troli.

Nije na nini sandukuni?

Vyeti vyako halisi na tafsiri zake. Chanjo za watoto. Koti usinunue nyumbani, maduka ya misaada ya hapa yanauza mazuri kwa bei ya sahani ya urojo. Nyama na maziwa usibebe, watakunyang'anya. Karafuu, iliki na mdalasini, beba. Na ukiwa na nafasi, beba mbuzi ya nazi. Yangu afisa wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza, akagusa meno yake kwa kidole, akamwita mwenzake. Ikabidi nikae juu yake pale pale sakafuni niwaonyeshe inavyokuna. Wakanipisha wanacheka. Iko jikoni Tang Hall, na jirani yangu mpaka leo anaamini ni kiti cha mtoto.